Hodi Kwenye Mzizi

Watu wa msituni walimwita Mabuti, na hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Siku ya kwanza alifika kwao amevaa mabuti ya mpira mapya kabisa, yaliyompanda mpaka magotini na kulia kwa kila hatua, na watoto wakamwandama kutwa nzima wakiuiga mlio ule kwa midomo. Mpaka jua linatua, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa halina kazi tena.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa kitinda mimba wa fundi cherehani mmoja mjane, na mama huyo alikuwa ameshampangia maisha zamani: mwanawe amalize chuo cha Biblia, arudi mtaani, aongoze kanisa la pale kona, na yeye mama akae benchi la mbele na gauni alilojishonea. Kijana alipomwambia kwamba amepangiwa umisheni msituni, na kwamba amekubali, mama alitoa mguu kwenye cherehani.

"Huko kuna nini ambacho hapa hakuna?"

"Kuna watu, mama."

"Na sisi hapa ni mbuzi?"

Alimnunia siku mbili. Siku ya tatu alimshonea mfuko wa turubai, mishono miwiliwili ili maji yasipenye, wa kuwekea Biblia na dawa, akaukabidhi bila kumtazama usoni. Kijana alijua hapo kwamba ameruhusiwa.

Kituo chake kilikuwa pembeni mwa mji mdogo, barabara ilipoishia: chumba kimoja cha kulala, kingine cha kila kitu, bati juu, redio ya upepo mezani. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kugawa dawa za homa, kufundisha kusoma, na kuhubiri Jumapili kwa yeyote atakayekaa kusikiliza. Kila Jumamosi msimamizi wa misheni alimpigia redioni kutoka makao makuu, na swali lake halikubadilika: "Umewafikia wangapi?" Hakuuliza hata siku moja kama wao wamemfikia yeye.

Sasa, watu wale walikuwa na utaratibu wao wa kupokea wageni. Kutoka kituoni kulikuwa na njia ya kawaida mpaka kwenye kijito. Pale ukingoni ulisimama mti mkubwa wenye mizizi iliyopanuka kama kuta, na chini yake palilazwa rungu. Mgeni huchukua rungu, hugonga mzizi mara tatu, huketi. Ule mzizi una sauti, unasikika mbali. Kambini kwao wakisikia, mtu hutoka kuja kumchukua, na humpitisha njia wanayoitaka wao siku hiyo. Leo huku, kesho kule, ili pasitokee njia.

Aliyemweleza hayo ni Mama Pacha, mwanamke wa makamo mwenye pacha wa kike wa miaka mitatu na ulimi usiolala. Mumewe ndiye aliyekuwa mrina asali wa kambi, mtu mpole, mwenye makovu ya nyuki mpaka kwenye kope.

"Ukifika hapo gonga, ukae. Atakuja mtu," Mama Pacha alisema.

"Na nikigonga asije mtu?"

"Basi urudi kwako. Kwani kwenu mtu asipoitika hodi, mnavunja mlango?"

Mabuti alicheka, akaona amelielewa neno hilo. Hakulielewa hata robo.

Kukaa pale mzizini kulimchosha. Mara nyingine alingoja robo saa, mara nyingine mpaka jua la utosi, anachapa mbu na kukariri mahubiri. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi: aliona haya. Mama yake alimlea asiwe mzigo kwa mtu. Kwao, mtoto mwema ni yule anayejichotea maji mwenyewe. Kila alipomwona mtu mzima ameacha shughuli zake kuja kumshika mkono kama mtoto wa chekechea, moyo ulimsuta.

Siku moja katika mwezi wa pili aligonga, akangoja, akaona hapana. Mmoja wa wale pacha alikuwa ameungua mguu na kitambaa cha kidonda kilitakiwa kubadilishwa asubuhi hiyo. Akavuka kijito peke yake. Ikawa kupotea, si kupotea kwa mzaha, alipotea siku moja na nusu. Mrina asali ndiye aliyemkuta, amekaa juu ya gogo, midomo imekauka, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti iliyobaki kidogo tu kuisha. Alimpa maji, akamwongoza, hakumwambia neno la kumkwaza.

Wengine hawakuwa na huruma hiyo. Kambini kisa kile kiliigizwa, kijana mmoja akiwa Mabuti, mwingine akiwa gogo. Watu walicheka wakagaragara. Mabuti naye alicheka, lakini usoni tu. Ndani alikuwa ameumia, akajiapiza kwamba halitamkuta tena.

Akanunua panga. Tangu hapo, kila alipoletwa kambini, alitembea nyuma ya mwenyeji wake, na kila hatua ishirini aliusogelea mti upande wa kulia, akaukata gome usawa wa kifua. Gome likibanduka, mti ulibaki na baka jeupe linaloonekana kutoka mbali.

Mama Pacha alimtazama mara tatu, mara nne, kisha akauliza, "Hii miti imekukosea nini?"

"Najiwekea alama, dada. Nisiwe nawasumbua."

"Nani kakwambia unatusumbua?"

Akadhani ni adabu tu, vile mwenyeji anavyokana kuchoka mbele ya mgeni. Akaendelea kukata. Huko alikotoka, mtu akisema hujamsumbua, ndipo unapojua umemsumbua.

Baada ya wiki tatu alifika kambini peke yake kwa mara ya kwanza. Hakugonga mzizi, aliona hakuna haja. Alitokea asubuhi katikati ya vibanda, mabuti yakilia, akamkuta Mama Pacha anaoga na wenzake nyuma ya pazia la majani. Wanawake walijifunika haraka. Wanaume waliacha walichokuwa wanafanya, pakawa kimya. Mabuti alikiona kimya kile akakisoma kuwa mshangao wa kumsifu. Kichwa kikamvimba. Jioni hiyo alimwandikia mama yake barua: sasa natembea msituni kama nilizaliwa humu.

Mwezi mmoja baadaye alikuwa dukani pale mjini, ananunua chumvi na betri. Akaingia jamaa mmoja mwenye mikono iliyojaa unga wa mbao, msimamizi wa watu wa misumeno ya injini. Alipomwona Mabuti, uso ulimng'aa.

"Mtumishi! Wewe ndiye wa zile alama?"

"Alama zipi?"

"Za kwenye miti, ndugu yangu. Tumezunguka huku miaka miwili tunatafuta mbao ngumu, tunaishia kwenye tope. Safari hii tumefuata alama zako mpaka ndani kabisa. Jana tumeangusha mti mmoja, mzee, watu wanne hawaukumbatii! Ulikuwa na nyuki, wamewang'ata vijana wangu, lakini umelala." Akamgeukia mwenye duka. "Mpe soda mtumishi, nalipa mimi."

Mabuti aliiacha soda juu ya kaunta. Aliujua mti ule. Mrina asali aliupanda kwa kamba za mizabibu ya porini, na baba yake aliupanda kabla yake, na ilikuwa asali ya mti ule aliyomlambisha Mabuti siku ile ya gogo ili apate nguvu za kutembea.

Alikimbia. Alifuata alama zake mwenyewe, baka baada ya baka, na safari hii kila moja ilikuwa inamtukana. Mti aliukuta chini. Nyuki wachache walikuwa bado wanazunguka mahali ambapo mzinga ulikuwepo, hewani, kwenye utupu. Vibandani hapakuwa na mtu. Majivu yalikuwa ya baridi. Walikuwa wamehama wote, na hawakuacha hata kitambaa.

Jumamosi alimweleza msimamizi wa misheni kila kitu, hakuficha.

"Pole. Yametokea. Msitu ni mkubwa, tafuta jamii nyingine," msimamizi alisema.

"Siwezi, mchungaji."

"Kwa nini?"

"Nitawafikiaje wengine na hawa nimewaharibia?"

Msimamizi akasema wataongea wiki ijayo.

Jumatatu yake Mabuti alianza kazi ambayo hakufundishwa chuoni. Alichota tope kwa ndoo, akapaka kila baka alilolikata, mti kwa mti, na juu ya tope akabandika kuvu na majani. Mvua ikinyesha iliosha, akarudia. Kisha, kwa panga lilelile, alikata alama mpya, safi, nyeupe, zikianzia kijitoni na kuelekea moja kwa moja kwenye bwawa la tope. Katika kuzikata alitumbukia mwenyewe mpaka kiunoni, akahangaika nusu siku kujichomoa, na buti moja likabaki humo mpaka leo. Wiki mbili baadaye alisikia dukani kwamba trekta la watu wa mbao limezama, wamelivuta siku tano, wamekata tamaa na kuhamia upande mwingine wa mto. Jambo hilo hakulitaja Jumamosi.

Alipomaliza, alikwenda kwenye mzizi. Aliokota rungu, akagonga mara tatu, akaketi. Hakujua wamehamia wapi, wala kama wako umbali wa kusikia. Jua lilipoinama alirudi kituoni. Kesho yake alikwenda tena. Alikwenda hivyo siku kumi na tisa, hata Jumapili, ambapo alihubiri kwanza kituoni mbele ya mwenye duka na mkewe, kisha mchana akaenda pia. Aliogopa kwamba hawatakuja. Aliogopa vilevile kwamba watakuja, maana hakujua atasema nini.

Siku ya ishirini majani yalisogea, akatokea Mama Pacha. Alikaa upande wa pili wa mzizi, mbali kidogo.

"Unagonga sana wewe," alisema.

"Samahani, dada."

"Samahani ya kugonga au ya nini?"

"Ya kutogonga."

Mama Pacha akasema, "Tulikuwa tunakuona. Ulivyokuwa unaipaka miti tope, watoto walicheka mpaka mbavu zikawauma. Wanasema Mabuti anaifunga miti vidonda. Siku uliyotumbukia bwawani mume wangu alitaka kuja kukutoa. Nikamwambia, mwache aloe kwanza."

Mabuti alitaka kucheka, akajikuta analia, kwa sauti, bila aibu, kama ambavyo hakuwahi kulia tangu baba yake azikwe. Mama Pacha alimwacha alie. Hakumbembeleza, wala hakuondoka.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Ulifikiri tunakuja kukuchukua kwa sababu hujui njia. Tunakuja kukuchukua kwa sababu wewe ni mgeni wetu. Anayejifikisha mwenyewe ni mwindaji."

Akanyoosha mkono. "Lete hilo panga. Mimi nina kuni za kukata."

Walitembea mpaka adhuhuri, yeye mbele, Mabuti nyuma mikono mitupu, mguu mmoja na buti, mwingine na ndara. Kambini pacha mwenye kovu mguuni alikuja kumshika kidole. Wengine walimwitikia salamu, mmoja mmoja, kwa kujivuta. Mrina asali alinyanyuka alipokaa, akaingia kibandani mwake, akampa kisogo.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mabuti aligonga na kuchukuliwa, akaosha vidonda, akafundisha herufi. Mrina asali hakumsemesha. Hakumtukana, hakumzuia mkewe wala watoto wake kwenda darasani. Alikuwa tu anapita kando yake kama mtu anavyopita kando ya kisiki. Mabuti alijaribu kumwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili mwenziwe alikumbuka shughuli mahali pengine. Mara ya tatu hakujaribu, akaona anataka kusamehewa kwa haraka ileile aliyotaka kufika kwayo.

Wakati huo wote, kwa miguu yake mwenyewe na bila alama, alikuwa amezijua njia. Aliijua inayopita kwenye jiwe lililopasuka, aliijua inayopita palipo na harufu ya maji. Angeweza kwenda amefumba macho. Msimamizi alipokuja kumtembelea na kuambiwa aketi mzizini, alitazama saa yake mara sita.

"Lakini wewe njia si unaijua?"

"Naijua, mchungaji."

"Basi twende!"

"Hatujaitikiwa."

Siku hiyo hawakuitikiwa kabisa, wakarudi. Msimamizi alinuna mpaka kituoni.

Miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu mti uanguke. Asubuhi moja ya mvua nyepesi Mabuti aligonga, akaketi, akajifunika mfuko wa turubai kichwani. Saa zikapita. Alikuwa ameshasimama kurudi zake aliposikia hatua, akageuka akitarajia Mama Pacha na maneno yake.

Alikuwa mrina asali. Alikuwa na kamba mpya begani na uvimbe mbichi wa nyuki juu ya jicho.

"Umengoja sana?" aliuliza.

"Sana, kaka."

Mrina asali aliitazama mvua, kisha akaitazama miguu ya Mabuti, buti moja na ndara moja.

"Haya," alisema. "Nimekuja kukuchukua."