Khanga ya Pili Haijapindwa

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili nilipoambiwa kwamba mimi si mzembe. Aliyeniambia ni muuguzi aliyetufundisha watu wazima tisa wenye ADHD, kila Alhamisi, katika chumba kimoja hapa Korogwe. Ubongo wetu, alisema, unashindwa kushika jambo, na ukilishika unashindwa kuliachia. Nililia. Kisha nikakasirika, maana kwetu Sindeni nilichapwa kwa hilo tangu utotoni, na mpaka leo mama akinitaja kwa watu husema, "Yule kichwa chake kimetoboka."

Siku ya mwisho kila mmoja aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja, asikie kwa masikio yake. Nilimbembeleza mama mwezi mzima. Nilitaka asikie tu, basi, hata asiponiomba radhi.

Kipindi kilikuwa saa nne asubuhi, nami nilipaswa kumpokea stendi saa tatu. Nilikuwa nimemnunulia doti ya khanga, na mimi ni fundi cherehani. Nimpe mama yangu khanga hazijapindwa, watu wangesema nini? Saa mbili na nusu kengele niliyoitega kwenye simu ikalia, kama tulivyofundishwa. Nikaizima. Nimalizie upindo huu tu, nilijiambia. Uzi ukakatika. Nikafungua cherehani niisafishe, nikaona na mkanda umelegea. Nilipoinua macho jua lilikuwa utosini.

Nilikimbia kutoka kwangu Masuguru jasho likinitoka. Stendi hayupo. Nikamkuta darasani, watu wakianza kutoka. Aliulizia njia mwenyewe, na goti lake bovu, akakaa kando ya kiti changu kitupu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia yote. Mwalimu wenu anasema si uzembe." Akawatazama wenzangu waliokuwa wakipiga picha na ndugu zao. "Na hawa wote wana ugonjwa huohuo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona wamefika?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini ningemwambia hivyo angenizaba kofi mbele za watu. Muuguzi alikuwa palepale, amesikia, akajifanya anafuta ubao uliokwisha kufutwa. Siku ile nilimchukia yeye kuliko mama.

Nikamkabidhi mama doti yake. Akapitisha vidole pembeni mwa khanga ya kwanza, taratibu, kisha ya pili.

"Hii hujapinda," alisema, akazikunja zote mbili.