Kanisa Limehama, Mwamba Haujahama

Februari mwaka huu wa 1924, kamati ya mitihani ya bandari yetu ilimrudisha Salvör Eyvindsdóttir mlangoni, hata kofia hajavua. Alikuwa ametembea siku mbili kwenye theluji kuomba jambo moja tu: afanye mtihani wa cheti cha kuendesha boti la injini, ambacho sheria mpya inamtaka kila nahodha awe nacho. Mwanamke huyu ameongoza mashua ya makasia sita kwa miaka ishirini na mitatu bila kupoteza mvuvi hata mmoja. Bila cheti, haruhusiwi kugusa usukani.

Mwenyekiti, Bwana Bergsteinn, aliitazama suruali yake ya ngozi ya kondoo, iliyonuka mafuta ya ini la papa.

"Binti Eyvindur, suruali tumeiona. Ndevu zitaota lini?"

"Kumbe siku hizi ndevu ndizo zinazoshika usukani?"

Wakacheka, wakafunga mlango.

Mimi nilivuta kasia kwake misimu minne, kama bibi yangu alivyovuta kwa mama yake Salvör. Katika visiwa vyetu hakuna aliyeona ajabu, na fungu la samaki la mwanamke halikuwa dogo kuliko la mwanamume. Ajabu imeletwa na karatasi.

Machi, Salvör akakubali kazi ya mpishi katika boti la Ketill, mpwa wa mwenyekiti, aliyepata cheti majira hayo hayo ya baridi. Nami nilikuwamo. Siku moja tukirejea, theluji ilianza kuanguka. Kwetu mtoto hufundishwa kabla ya sala zake kwamba mlango wa bandari, wenye mwamba uliojificha chini ya maji, huingiwa pale mnara wa kanisa unaposimama katikati ya pengo la mlima. Ketill akaulenga mnara katika pengo, barabara kama alivyofundishwa. Alisahau kwamba kiangazi kilichopita, bahari ilipoanza kuyala makaburi, tulilibomoa kanisa ubao kwa ubao tukalijenga upya juu ya kilima. Yeye mwenyewe alibeba mbao.

Salvör akatoka jikoni.

"Kanisa limehama, mwanangu. Mwamba haujahama."

"Mama, rudi kwenye kahawa yako."

"Lilenge lango la makaburi. Lango tuliliacha palepale."

Ketill akasita. Mbele yetu maji yakapasuka meupe juu ya mwamba. Salvör hakubishana tena. Alimsogeza kwa bega, akashika usukani, akatafuta lango kupitia theluji, akatuingiza watu saba salama. Kisha akarudi kwenye sufuria yake, kahawa ilikuwa imeungua.

Taarifa ya kamati yasema boti liliokolewa na Nahodha Ketill. Salvör ametajwa mstari wa mwisho: mpishi. Ketill mwenyewe, nampa haki yake, alikwenda kwa mjomba wake kukana sifa hiyo. Akaambiwa anyamaze, asiaibishe ukoo.

Bwana Bergsteinn, nanyi wajumbe wawili mnaoitikia kwa vichwa kando yake: sisi saba tumetia sahihi zetu chini ya maelezo haya, na sahihi ya kwanza ni ya Ketill. Ifuteni taarifa ile. Jumatatu ufungueni mlango mlioufunga, mwekeeni Salvör kiti na karatasi, mmwulize maswali yale yale mliyomwuliza mpwa wenu. Na mnapomwita aingie, mwiteni nahodha.