Wenye Miti Majini

Shemeji yangu aliingia katika karakana yangu ya ushonaji, mtaa wa Mangobo, Kisangani, akiwa na furushi la vitambaa begani. Alilitupa juu ya meza ya kukatia, juu ya suruali ya mteja niliyokuwa nimekwisha kuichora kwa chaki. Hakuomba radhi. Ni kaka wa mke wangu, mtu wa Yanonge, na tangu nilipomwoa dada yake sijamsikia akiomba radhi kwa jambo lolote. Nilikuwa nimelizoea hilo.

"Shemeki, hii ni ya campagne," alisema. "Bamama banataka robes. Utashona mbele ya dimanche."

Magauni ya kampeni, na yawe tayari kabla ya Jumapili! Nilikunjua kitambaa kimoja. Kilikuwa na sura ya mgombea wake, imenenepeshwa na rangi mbaya, na chini ya kidevu kwa herufi nyekundu: WENYE MITI NDANI YA MAYI.

Asiyeishi Kisangani atadhani ni tangazo la samaki. Na kweli ni habari ya samaki. Kwenye maporomoko ya Wagenia wavuvi husimamisha magogo makubwa kati ya miamba, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha hutundika mitego yao mikubwa ya kusukwa. Kila gogo lina ukoo wake. Mahali pa kutega hapauzwi wala hapaombwi, baba humwachia mwanawe. Kwa hiyo ukisema "wenye miti majini" umesema watu ambao hakuna awezaye kuwauliza walitoka wapi. Na mgombea anaposema mji urudi kwa wenye miti, kila mtu sokoni anajua vizuri ni nani anayeambiwa hana mti.

Ni sisi. Familia za Kiislamu ambazo babu zetu walifika mtoni wakati wa misafara ya pembe, na ambazo mpaka leo huitwa Arabisés, waliogeuzwa Waarabu, kana kwamba Mwarabu amelala chumba cha pili. Babu wa babu yangu hakuwa Mwarabu. Alinunuliwa Maniema akiwa mtoto, akafika hapa na mzigo kichwani, na kanzu alipewa baadaye. Katika ukoo wetu wapo waliofunga watu kamba na wapo waliofungwa, nasi tunawaombea dua wote pamoja. Lakini maneno marefu kama haya hayaenei kwenye kitambaa.

"Hawa wenye miti ni batu gani?" nilimwuliza.

"Ni wenye ville, wenye muji."

"Na miye?"

Akacheka, akanipiga bega. "Ah, shemeki! Weye nani alikutaja? Angalia kitambaa yote. Iko jina yako? Iko neno Arabisé? Hapana. Tuko nasema mambo ya samaki."

Hilo ndilo linalonichemsha damu. Mtu akinitukana waziwazi nitamjibu, tutashikana mashati, tutaamuliwa, na kesho yake tutajuliana hali. Lakini huyu anakutukana kisha anakuuliza kwa upole kwa nini umekasirika. Ukikaa kimya, umekubali. Ukisema, wewe ndiye uliyeleta ukabila, maana yeye alizungumzia samaki tu.

Naye alikuwa na kichaka kingine cha kujifichia, utani wetu wa zamani. Miaka yote alikuwa akiniita mtoto wa kanzu, nami nikimwita kichwa cha samaki, na tulikuwa tukiyasema hayo huku tumeinamia liboke moja, samaki aliyeiva ndani ya majani, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake sehemu ya tumbo. Nilipenda utani ule. Sasa alikuwa ameuchukua, akaupeleka kwenye kipaza sauti bila mimi kuwepo kumjibu.

Nililisukuma furushi likaanguka chini. Nikamwambia atafute fundi mwenye mti.

Hakuinua sauti. Aliokota vitambaa vyake kimoja kimoja, akavipangusa, kisha akasema akiwa mlangoni, "Bon. Lakini usisahau, miye ni noko."

Noko ni mjomba, kaka wa mama. Binti yangu alikuwa ameposwa, na kwa watu wa mke wangu hakuna binti anayetoka nyumbani bila mkono wa noko. Mimi ningeweza kumwita shehe, ningeweza kusimama kama walii, ndoa ingekuwa halali mbele ya Mungu. Lakini mke wangu angekaa maisha yake yote akisubiri balaa. Mtoto akichelewa kuzaliwa, ni noko. Mtoto akizaliwa akaugua, ni noko. Alinieleza hayo siku ileile, akiwa anapepeta mchele, bila kunitazama.

"Noko hapana, ndoa hapana," alisema. "Hata ukikasirika, papa."

"Kaka yako anataka tufukuzwe hapa."

"Kaka yangu ni mujinga. Lakini ndiye niko naye."

Upande wa pili haukuwa afadhali. Baba wa kijana aliyemposa binti yangu ni mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa msikitini, wa kwetu kabisa. Alipopata habari za shemeji yangu alinijia amenuna, akakataa chai. Alisema hataki kumwona yule mtu sebuleni siku ya ndoa. Na yeye alikuwa na kampeni yake, mgombea wake, na msemo wake pia: watu wasafi wamchague mtu msafi. Hapo napo hakuna aliyetajwa. Hakuna aliyesema watu wa mtoni, hakuna aliyesema moshi wa samaki wala tope la gati. Ni usafi tu! Nani anapinga usafi? Nilimwambia neno lake lina harufu ileile ya lile la shemeji, naye akanitazama kama mtu aliyeuziwa nguo yenye tundu.

"Aseme mbele yetu kwamba alikosea," alisema. "La sivyo, mwanangu atangoja."

Basi ndoa ya binti yangu ikakwama hapo. Mmoja hawezi kukosekana, mwingine hataki kumwona, na aliyetakiwa kuomba msamaha alikuwa akisema hajatamka kitu.

Wiki zile nilichukia kila sauti ya spika iliyopita barabarani. Mteja mmoja, mtu niliyemshonea suti ya harusi yake mwenyewe, alisimama mbele ya cherehani yangu akaikagua, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Papa, siku mutarudia kwenu, machine hii utaiuzisha?" Nilimwuliza kwetu ni wapi. Baba yangu amezikwa hapa, na baba yake pia. Akasema, "Mi sijui, papa. Batu ndiyo banasema." Hakuwa na ubaya usoni, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa anawahi cherehani kabla wengine hawajaisikia.

Nilikwenda kwenye mkutano mmoja wa kampeni ya shemeji, karibu na mto. Sikwenda kwa amani. Nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, nikamwambia kijana aniache mbali kidogo, nikasimama nyuma ya wauza kwanga, mikate ya muhogo. Shemeji alikuwa juu ya gari la mizigo, amevaa shati la kitambaa kilekile, limeshonwa vibaya, kola imepinda. Nafsi yangu ya ufundi ilifurahi.

"Wenye miti!" alipiga kelele.

"Ndani ya mayi!" watu waliitikia.

Akarudia, akarudia, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha mama mmoja aliyekuwa mbele, amejitwika beseni la samaki, akapaza sauti.

"Na weye wa Yanonge, muti yako iko wapi?"

Watu walicheka. Hata mimi nilihitaji kitambo kidogo kuelewa, kwa kuwa nilikuwa nimezama katika hasira yangu mwenyewe. Yanonge iko chini huko, mbali na maporomoko. Watu wake ni wa mitumbwi, nyavu na biashara ya mtoni. Hakuna ukoo wa Yanonge uliowahi kuwa na gogo Wagenia. Shemeji yangu alikuwa amelipigia kelele neno hilo kwa muda mrefu kiasi cha kujiona ndani yake.

Alijaribu kucheka. "Mama, mto ni moja!"

"Mto ni moja, lakini muti si moja," sauti nyingine ilijibu, ya mwanaume, nayo haikuwa ya mzaha. "Nani alimupa huyu micro?"

Mtu wa kamati alipanda garini, akamwondolea kipaza sauti mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaendelea na hotuba. Shemeji alibaki amesimama pale, mikono haina kazi. Nilifurahi, sifichi. Nilirudi Mangobo kwa miguu nikiwa nacheka peke yangu, na nilipofika nyumbani furaha ilikuwa imekwisha. Neno lilikuwa bado linaimbwa kule nyuma, bila yeye.

Alikuja kwangu baada ya hapo, uso umemshuka. Sikumpa kiti.

"Shemeki, batu banatufanyia mubaya," alisema.

"Banatufanyia? Weye na nani?"

Nilimwambia nitamsikiliza siku atakaposema mbele ya wakwe wa binti yangu kwamba neno lile lilikuwa baya, na lilikuwa baya hata kabla halijamgeukia. Alikunja uso. "Miye sikusema kitu mubaya," alisema. "Nilisema samaki." Akaondoka. Amefukuzwa na neno lake mwenyewe, bado analitetea!

Mke wangu ndiye aliyekwenda kwa baba wa kijana. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba alirudi macho yamevimba, akasema tumekubaliwa. Noko atakuja, atashika chupa, atafanya linalompasa, atanyamaza. Hakuna atakayemwuliza lolote. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumweleza binti makubaliano hayo.

Siku yenyewe sebule ilijaa. Wakwe upande mmoja, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinang'aa. Watu wa Yanonge upande wa pili, na kati yao nafasi ya kupitisha ng'ombe. Mimi nilikaa mahali ambapo sikuhitaji kumtazama shemeji. Vitu vililetwa, vikaonyeshwa, vikapokelewa. Kisha ikafika zamu yake.

Desturi yenyewe ni hii. Noko hufungua kinywaji kilicholetwa na upande wa mume, kwetu sisi ni soda, na kabla mtu yeyote hajaonja humwuliza binti kama wanywe. Maana wakinywa hakuna kurudisha, binti amekwenda. Binti husema "munywe", wanawake hupiga vigelegele, basi. Mpaka aseme, hakuna mdomo unaogusa bilauri.

Shemeji alifungua chupa.

"Mutoto yangu," alisema, "wakwe bameleta. Tukunywe?"

Binti yangu alikuwa amejifunika mtandio, kichwa ameinamisha kama alivyofundishwa. Akakiinua.

"Noko, mbele ya kujibu, niko na swali. Miye niko na muti ndani ya mayi?"

Nilihisi mke wangu akinishika kiwiko. Shemeji alicheka kicheko kikavu.

"Uko nayo, mama. Weye ni mutoto ya dada yangu. Weye ni ya kwetu."

"Na papa?"

Soda ilikuwa inachemka ndani ya chupa, na ilisikika.

"Ile ni politique," alisema.

"Niko nauliza tu, noko. Papa iko nayo?"

Baba wa kijana alijinyoosha kitini, ameridhika, karibu atabasamu. Binti yangu akamgeukia.

"Na weye, papa mukwe. Miye ni damu ya mtoni nusu. Niko musafi?"

Tabasamu likafia njiani. Alianza kupangusa goti la kanzu yake ambalo halikuwa na vumbi. Hakuna aliyemsaidia. Maneno niliyokuwa nimeyakusanya wiki zote zile mbele ya cherehani, binti alikuwa ameyamaliza kwa maswali machache. Nilimwonea fahari mwanangu, na nilimwogopea. Wangeweza kusimama wakaondoka, upande wowote, naye angebaki pale na mtandio wake.

Baba mkwe ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo, akitazama goti lake. "Uko musafi, mwanangu."

Wote tukamgeukia shemeji. Aliitazama chupa kana kwamba imeandikwa jibu.

"Papa yako hana," alisema mwishowe. "Na miye sina. Sisi ya Yanonge hatuna muti pale. Baliniambia mbele ya batu."

Binti yangu alisubiri. Nami nilisubiri. Kulikuwa na neno moja lililobaki, la kuomba radhi, sote tulilijua, na nafasi yake ilikuwa pale wazi kabisa. Hakulitoa. Alikuwa amekiri walichokwisha kumnyang'anya, na zaidi ya hapo hakuongeza hata senti.

"Basi munywe," binti yangu alisema, na akainamisha kichwa.

Vigelegele vilipigwa kwa kuchelewa, vikaanzia kona moja. Nilipewa bilauri. Soda ilikuwa ya moto na tamu kupita kiasi, nikaimeza yote kwa hasira kwa sababu mwanangu alikuwa ameolewa na ilibidi nimeze. Baadaye shemeji alivuka sebule akaja mbele yangu, mkono ameunyoosha, mke wangu akitutazama.

Nilimpa mkono. Zaidi ya mkono, sijampa kitu mpaka leo.