Lampe Iliyokohoa

Kaa chini unisikilize, na usianze kucheka kabla sijamaliza, maana wamenicheka vya kutosha hapa Mabanga, mjini Goma. Niliyaona haya kwa macho yangu, mchana kweupe, sijaonja hata tone la pombe. Wengine hukutana na wafu gizani. Mimi wangu alikuja saa ambayo watu wanaanua nguo!

Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya yetu. Ampli yetu, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ni ya zamani, ya lampe, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani yake. Bila hizo gitaa halina sauti. Zilipochoka nikanunua nyingine sokoni, zilizokwisha tumika, kwa mtu aliyeniapia kwamba ni nzima. Nikazipachika. Ampli ikaanza kunguruma na kupiga mluzi katikati ya maombi. Papa Bahati, mwalimu wa kwaya, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Umeharibisha ampli yetu! Dimanche ikilia tena vile, tutaita ule kijana wa Katindo apige pa nafasi yako."

Miaka yote niliyoitumikia kwaya ile, halafu Jumapili moja tu aje kijana wa Katindo! Nilikasirika hadi masikio yakawaka.

Kesho yake nikajifungia kanisani peke yangu. Nikazima ampli, nikaiacha ipoe, nikasafisha miguu ya kila lampe na kuirudisha mahali pake. Bado mluzi. Basi nikafanya wanavyofanya mafundi: ampli ikiwa inawaka, unaigonga kila lampe taratibu kwa penseli, na ile mbovu inajitaja yenyewe kwa kulia kwenye spika. Nikagonga moja, kimya. Nyingine, kimya. Nikaigonga iliyo karibu na tundu la waya wa gitaa. Ikakohoa.

Niamini. Najua lampe inavyolia. Inavuma, inakwaruza, inapiga mluzi. Haikohoi kama mtu mwenye kifua!

Nilipoinua kichwa, mzee mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Na nani huyo anayetembea Goma viatu visiguswe na vumbi jeusi la volkano?

"Petit," akaniita, yaani mdogo wangu, "nilikuya kutwala lampe yangu."

Unadhani nilikimbia? Nilidhani ni jirani aliyekuja kuchukua taa yake. Umeme ukikatika watu huazimana lampe za sola, na moja ilikuwa imetundikwa ukutani, haijulikani ya nani. Nikaitungua nikampa.

"Hapana hii," akasema, hata mkono hakuinua. "Ile yenye uligonga."

Midomo yake haikucheza. Sauti ilitoka kwenye spika.

Hofu ilinishika, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Kwa nini asimfuate aliyeiuza? Kwa nini mimi, tena wiki hii?

"Muzee, nilinunua. Siwezi kukurudishia. Dimanche kama ampli hailii muzuri, watanifukuza."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote.

"Basi, tutapiga sisi wote wawili."

Nikapepesa macho, hakuwapo. Komeo lilikuwa mahali pake. Mluzi ulikuwa umekwisha.

Jumapili nikapiga, na watu wakasimama. Papa Bahati alinikumbatia! Vidole vyangu vilikuwa bado vinatafuta noti, na noti ilikuwa imeshalia. Tangu siku ile naitwa kwenye harusi mpaka Lac Vert. Nikiitoa ile lampe na kuweka nyingine, mluzi unarudi, napiga kama zamani, na watu wananiuliza kama naumwa. Nimewaambia ukweli. Wanasema najinyenyekeza. Najinyenyekeza, mimi!

Wewe unayenunua lampe zilizotumika, muulize muuzaji: mwenye lampe wa kwanza yuko wapi, na kama alikuwa amemaliza kupiga. Asipojibu, ondoka. Jumapili iliyopita, katikati ya wimbo, niliondoa mikono kwenye nyuzi nikaikunja kifuani, makusudi, ili waone. Gitaa likaendelea. Watu walikuwa wamefumba macho kwa utamu, na mama yangu, ambaye hajawahi kunisifu, alikuwa analia na kumshukuru Mungu kwa ajili ya mikono yangu.