Shamba la Yusta: Kwenda Mgeta Kutafsiri

Mkalimani aliyepangwa kwenda Mgeta alivunjika mguu, ofisi ya kanisa ikanitafuta mimi. Sababu ya safari yangu ni hiyo tu. Sikuota ndoto wala kusikia sauti. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tukuyu, shule zilikuwa zimefungwa, na Mchungaji Han, mzee wa Kikorea anayezunguka kufundisha wachungaji wa vijijini, alihitaji mtu wa kugeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili. Nilikubali kabla sijauliza Mgeta iko wapi.

Kutoka Tukuyu hadi Morogoro ni kutwa nzima ndani ya basi. Nilishuka stendi ya Msamvu jioni, miguu imevimba, joto limenikaba. Mchungaji Han alikuja kunipokea mwenyewe. Aliinama mpaka nikaona utosi wake. Nilipomwamkia shikamoo akajibu marahaba vizuri kabisa, na baadaye niligundua kwamba hiyo ilikuwa karibu nusu ya Kiswahili chake chote.

Asubuhi tulipanda Landrover inayopeleka watu Mgeta, mlimani, na kurudi na kabichi. Mpaka Mzumbe ni lami. Baada ya hapo njia inaanza kupanda, na kila kona abiria wa kulia wanawaangukia wa kushoto. Mchungaji Han alifumba macho. Sikujua kama anaomba au anapambana na kichefuchefu. Kule juu nilijisikia nyumbani: ukungu, viazi, baridi ya kuvalia sweta, ila mashamba yao yamekatwa ngazi ngazi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba hata mbuzi wa kwetu angefikiri mara mbili kuupanda.

Kijijini, juu kidogo ya Nyandira, mwenyeji wetu alikuwa Mchungaji Elia, kijana mpole mwenye kanisa la miti na udongo. Wachungaji wenzake walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya jirani. Mke wa Elia, Yusta, aliongoza wanawake waliotupikia nyuma ya kanisa, na chini ya kanisa kulikuwa na shamba zuri la njegere. Siku za mwanzo zilikwenda salama. Mchungaji Han alipotoa mfano wa theluji nilihangaika kuieleza, darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao.

Kisha likaja somo la utoaji. Kwao, alieleza, mchungaji hutoa cha kwake kwanza ndipo awaombe waumini, tena hutamka mbele ya watu ili asirudi nyuma. Akawasimamisha mmoja mmoja. Huyu aliahidi mbuzi, yule mbao, mwingine kiwanja. Elia alikuwa wa mwisho.

"Lile shamba hapo chini ni lako?" Mchungaji Han aliuliza.

"Tunalima pale, Mchungaji."

"Uko tayari kulitoa ili kanisa jipya lijengwe?"

Elia akatazama sakafu. Nilikuwa nimetafsiri bila wasiwasi wowote, maana kwetu shamba la nyumba ni la baba, ukimuuliza yeye umemaliza. Wote walikuwa wanamtazama. Hatimaye akasema ndiyo, na watu wakapiga makofi. Jikoni, kelele za sufuria zilikoma.

Kesho yake hapakuwa na chai. Jiko lilikuwa baridi na wanawake hawakuonekana. Elia tulimkuta ameketi mlangoni pa kanisa, begi lake miguuni.

"Mama mkwe kanifukuza," alisema. "Kaniambia nirudi kwa mama yangu, nikatoe la kwetu."

Ndipo akatueleza. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, ardhi hupita kwa akina mama. Shamba lile ni la ukoo wa Yusta, alipewa na mama yake, na mume analima kama mume. Elia ni Mluguru, alilijua hilo tangu utotoni.

"Sasa kwa nini alisema ndiyo?" Mchungaji Han aliniuliza. Nikamgeuzia Elia swali.

"Mgeni mzee, ametoka mbali vile. Ningemwambiaje hapana mbele za watu?"

Mchungaji Han aliketi kando yake pale mlangoni. Kisha akasema hata yeye, kwao, angejibu vivyo hivyo. Akaomba tumpeleke kwa mama mkwe.

Nyumbani kwa Bibi Fausta, mama yake Yusta, tulimkuta anamenya viazi, kaka yake Mzee Pius, mkubwa wa ukoo, yuko kando, Yusta amesimama dirishani. Nilisema shikamoo. Mchungaji Han alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Niliogopa; sijawahi kuona mzee akimwinamia mtu namna ile.

"Mwinue, atachafua suruali," Bibi Fausta alisema. "Mwambie yeye simlaumu, hakujua. Huyu mkwe wangu ndiye anajua."

Nilimtafsiria. Akaomba msamaha hata hivyo, kisha akaomba Elia asifukuzwe kwa kosa la mwalimu wake.

Bibi Fausta akamtazama kaka yake. Mzee Pius akasema, "Aulize tena. Safari hii amuulize mwenyewe."

Mchungaji Han akamgeukia Yusta, akauliza kama angependa kutoa shamba. Nikalitafsiri swali kana kwamba naulizwa mimi.

"Silitoi," Yusta alisema. "Njegere zile zinasomesha watoto. Kanisa likae lilipo." Akafunga kitenge vizuri, akaongeza, "Begi la baba watoto lirudishwe ndani, mvua inakuja." Akaenda kuwasha moto wa chai.

Darasani, siku ile, Mchungaji Han hakufungua kitabu. Aliuliza nani mwingine alikuwa ameahidi kisicho chake. Mikono ikanyanyuka polepole, karibu yote. Kiwanja kilikuwa cha mke. Mbuzi alikuwa wa dada. Walisimama kukana ahadi mmoja mmoja, nami nikatafsiri hapana baada ya hapana. Mzee aliitikia kila moja kwa kuinamisha kichwa, na wanawake waliokuwa jikoni walikuja kusimama mlangoni kusikiliza. Mchungaji Han akawasogezea benchi.

Morogoro mjini tuliagana. Aliniambia alifundisha juu ya mali huku wenye mali wanampikia. Mimi nilijifunza kwamba kutafsiri sawasawa hakusaidii kitu kama swali lenyewe limepelekwa kwa mtu asiyehusika.

Tukuyu nilifika usiku, na kesho yake nikamsimulia mama yangu huku tunachambua maharage. Alinikatiza.

"Alimkatalia mchungaji, mgeni, mume wake yupo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mume akarudi ndani?"

"Akarudi."

Mama amelima shamba la baba tangu aolewe, na baba alipofariki likaenda kwa kaka zangu. Aliendelea kuchambua.

"Hapana ya namna hiyo," alisema, "mimi sijawahi kuwa na kitu changu cha kuisemea."