Mikono Miwili Seoul

Mke wangu alinituma Seoul kumleta binti yetu nyumbani. Hakusema nimsalimie; alisema nimlete, kama mzigo uliosahaulika kituoni. Mkataba wa binti wa kufundisha Kiingereza kule ulikuwa unaisha majira yale ya baridi, nami nilipewa wiki moja ya kumshawishi arudi Birmingham badala ya kuongeza mwaka.

Nilikwenda na koti lile ninalovaa nikingoja basi Barabara ya Coventry, huku nikijisifu kwamba baridi naijua. Baridi ya Birmingham ni mvua yenye kinyongo. Ya Seoul ni kavu, na inakwenda moja kwa moja kwenye meno. Siku ya pili binti alininunulia kofia ya manyoya yenye vifuniko vya masikio. Nina shahada mbili, na nililizunguka jiji lile nikifanana na sungura mzee.

Tulitembea sana, yeye mbele, mimi nyuma na hotuba yangu. Nilitaka kuitoa kando ya mto, midomo ikaganda. Nilitaka kuitoa chumbani kwake, lakini kule sakafu hupashwa moto kwa chini. Nilijilaza kidogo kutuliza mgongo, nikakoroma kabla ya sentensi ya kwanza.

Wiki ikielekea kuisha, tulisimama kwa mama mmoja aliyeuza viazi vitamu vya kuchoma nje ya kituo cha treni. Binti yangu aliinama kidogo, akapokea mfuko kwa mikono miwili.

Mtoto huyu nilimfundisha kupokea hivyo tangu alipokuwa mdogo, pale mtaani kwetu Small Heath, Birmingham. Siku zote alinyoosha mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na simu.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Hapa kila mtu anafanya hivi, Baba," alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Na mimi je? Miaka yote ile?"

"Wewe ulikuwa unapiga kelele." Akacheka, akakivunja kiazi, akanipa nusu kubwa. Kwa mikono miwili. Kisha akasema, macho yakiwa barabarani, "Nimeshasaini, Baba. Kabla hujaja. Nilitaka uone kwanza."

Hotuba yangu ikaishia hapo, haijaanza. Nikasema kiazi ni kitamu. Kilikuwa kitamu kweli.

Kwenye simu nilimsimulia mke wangu habari za kofia na sakafu tu. Kwa hiyo nilipofika nyumbani alifungua mlango, akachungulia nyuma yangu, akaona sanduku langu peke yake. Nikamnyooshea mfuko wa zawadi.

"Pokea. Skafu, kutoka kwa mwanao."

"Anarudi lini?"

"Pokea kwanza."

"Mzee, nimekuuliza anarudi lini."

"Ameongeza mwaka." Nikaharakisha kuongeza: "Amenenepa."

"Amenenepa?"

"Kidogo. Mashavu."

Akalifikiria hilo. Kisha akaupokea mfuko kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine alikuwa tayari anampigia simu.