Aliyekubali Kuniruka

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, Jumamosi moja ya Julai, saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikigonga mabati ya nyumba yetu ya Kapsoya, nililazwa kifudifudi kwenye zulia la sebuleni ili shangazi yangu aniruke.

Nieleze kwa mpangilio. Majuma mawili kabla ya hapo, Senge, dada mdogo wa baba aliyeishi nasi na kufanya kazi saluni, alikuwa akinisuka. Niliinama ili azifikie nywele za kisogoni, na mikono yake ikasimama. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimetokeza kuliko za kushoto.

"Hii mgongo yako inaenda wapi?" aliuliza kwa utani, lakini hakucheka.

Tangu siku hiyo nilivaa sweta hata juani.

Senge alitaka nipelekwe hospitali mara moja. Mteja wake alikuwa na binti mwenye mgongo kama wangu, aliyesaidika kwa sababu aliwahi kabla hajamaliza kukua. Mama alikataa. "Huko watampasua," alisema, kisha akampigia simu Kukhu, bibi yetu. Kukhu alifika kutoka Webuye na jibu tayari: mtoto aliyerukwa akiwa amelala hupinda, na hanyooki mpaka aliyemruka arudi amruke tena. Ilibaki kumpata mhusika. Senge alilala nami chumba kimoja, na hakuwa na mtoto wake. Kwao hayo yalitosha.

"Mama, mimi sijaruka mtu," Senge alimwambia Kukhu, mama yake mzazi.

"Basi aliruka nani, paka?"

Jirani aliyealikwa kushuhudia alicheka. Blauzi yangu ilikuwa imepandishwa hadi mabegani, na nilijua kila mmoja anakitazama kile nilichokuwa nikikificha. Nilibana uso kwenye zulia.

Senge alimgeukia mama. "Nikikubali, Jumatatu anaenda hospitali?"

"Ya nini, na dawa ni hii?"

"Nauliza tu. Nikikubali, anaenda?"

Mama alimtazama Kukhu kwanza. "Ukikubali, ataenda."

"Basi ni mimi."

Akainua sketi yake ya kanisani, akaniruka. Nilijua amesema uongo, na nikanyamaza, kwa kuwa niliitaka hiyo Jumatatu.

Jumatatu hiyo daktari aliniinamisha, akanipiga picha ya eksirei, akachora mistari miwili juu yake kupima mpindo: digrii thelathini na moja. Mama aliuliza kwa sauti ya chini kama kurukwa kunaweza kuleta hali ile.

"Hapana, mama. Si kurukwa, si begi zito, si kulala vibaya. Kwa watoto wengi wa umri huu hatujui chanzo."

Alieleza kwamba mkanda mgumu wa plastiki, wa kuvaa kiwiliwilini, haungeninyoosha. Ungezuia nisizidi kupinda wakati bado ninakua. Mpindo ukifika digrii hamsini, hapo ndipo wangezungumzia upasuaji. Niliuvaa mkanda huo chini ya sare mchana na usiku, hadi nilipoacha kurefuka. Shuleni waliniita Mabati. Nilidhani hiyo ndiyo aibu kubwa ambayo ningewahi kuibeba.

Sivyo. Desemba iliyopita tulikwenda Webuye kwenye matanga. Senge alipoingia chumba walimolala watoto kuchukua blanketi, wanawake wawili waliinuka, wakawabeba watoto wao. Senge alichukua blanketi, akatoka. Mimi, mwenye shahada mbili, nilikuwa nimekaa papo hapo na sikusema kitu.

Usiku huo sikulala. Asubuhi, wakati wa chai, niliwaeleza wanawake wote yale ninayoyaandika hapa. Mmoja aliniuliza, bila ubaya, "Lakini si alikuruka, na ukapona?" Senge alitazama kikombe chake.

Sikupona, nilizuiwa kuharibika zaidi, na aliyenizuia alilipa kwa jina lake. Bado navaa nguo pana, na mgongo huuma nikikaa sana. Mwezi uliopita nilipigwa picha tena, Senge akiwa kando yangu. Daktari alipima, akarudia kupima, akatusomea: digrii thelathini na moja.